Dhahabu na sungura kwenye kitabu cha falsafa

SWALI: Nimeona picha ya ukurasa wa kitabu cha Kilatini kilichoandikwa kwa mkono karne ya 13. Maelezo yanasema ni ufafanuzi wa Ibn Rushd juu ya Aristotle. Lakini kuna herufi ya dhahabu, nyingine za buluu na nyekundu, na pembeni sungura anapuliza tarumbeta! Falsafa na sungura, wapi na wapi? Na huyu Mwislamu aliingiaje humo? – Msomaji mdadisi

JIBU: Aliingia kwa mlango wa mbele. Ibn Rushd, ambaye wasomi wa Ulaya walioandika Kilatini walimwita Averroes, alizaliwa Córdoba mwaka 1126, akawa kadhi na tabibu, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Katika fafanuzi zake ndefu ananukuu kipande cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anakichambua, kisha anaendelea na kingine. Miongo michache baadaye Michael Scot, msomi wa Uskoti, alizitafsiri baadhi kwa Kilatini. Huko Paris, kufundisha vitabu vya Aristotle vya elimu ya maumbile kulipigwa marufuku mwaka 1210. Ilipofika 1255 vimo kwenye masomo ya lazima. Hata Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo aliyempinga Ibn Rushd vikali kuhusu akili ya binadamu, alizoea kumtaja kwa cheo tu: "Mfafanuzi".

Sasa mapambo. Wanaosema ni mbwembwe tupu mimi siwaungi mkono. Ngozi ya mnyama ilikuwa ghali, kwa hiyo maneno yalibanwa na kukatwakatwa kwa vifupisho mpaka ukurasa ukawa kama kichaka. Rangi ndizo zinazokuonyesha njia: kwenye herufi kubwa anaanza Aristotle, kwenye alama ndogo anadakia Ibn Rushd. Mara nyingi maneno ya Aristotle huwa pia na mwandiko mnene zaidi. Zifute rangi hizo, utahangaika kujua nani anasema nini.

Dhahabu, hiyo ni habari ya mfuko. Mwanafunzi wa Paris alikodi kitabu vipande vipande kwa muuza vitabu, akanakili, akaridhika na wino mwekundu na wa buluu. Mwenye kitabu chako alikuwa na uwezo. Mnakili alimwachia mchoraji nafasi, pengine na kiherufi kidogo cha kumwelekeza. Mchoraji akapaka chokaa laini yenye gundi, akaipulizia pumzi ipate unyevu, akabandika jani jembamba la dhahabu, kisha akalisugua kwa jiwe laini au jino la mbwa mpaka ling'ae. Rangi zilifuata baadaye, kwani dhahabu ingenasa juu ya rangi hizo. Buluu ya bei mbaya ilitokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan.

Huyo sungura ana wenzake wengi: nyani waliovaa kama walimu, mashujaa wanaopigana na konokono. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu maana yao. Siamini kwamba mchoraji alikuwa anapoteza muda, maana kazi hiyo ililipiwa. Naona ni utani uliokubalika, na watu waliobishana kwa Kilatini kutwa nzima walihitaji kucheka.

Ukiipata tena picha hiyo, ikuze uangalie kingo zake. Ukiona vijimaandishi hafifu vya mkono mwingine, hao ni wasomaji wa zamani, na mimi ningewasoma hao kwanza kabla ya dhahabu.