Usikimbilie Kuosha Mipira ya Krismasi ya Zamani

Jumamosi moja ya Oktoba, huku Pennsylvania ninakoishi, nilinunua maboksi matatu ya mapambo ya Krismasi kwa dola sita. Aliyeniuzia ni bibi mmoja aliyekuwa anahama, vitu vyake kavipanga mbele ya gereji. Mimi nimekulia karibu na Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa hiyo kuchambua mitumba hunifundishi: unachukua kamera, yaani vile vya daraja la kwanza, masalio unawaachia wengine. Nikabaki na mipira ya kioo inayong'aa. Ile iliyopauka, isiyo na utando wa madini ya fedha ndani, yenye vikofia vya karatasi ngumu vilivyokunjamana, nikampa mtoto wa jirani achezee.

Kosa la kwanza hilo. La pili nililifanyia jikoni. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, sponji laini, roho safi kabisa. Mpira wa kwanza ukatoka majini bila mistari yake ya waridi, yote imebaki kwenye sponji. Maji nayo yakapenya shingoni, ile fedha ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Niliharibu minne kabla akili haijanirudia.

Yote yalitokana na kutojua vitu hivi vilitengenezwaje. Maboksi yangu yaliandikwa Shiny Brite, jina alilolianzisha Max Eckardt mwaka 1937. Eckardt alizaliwa Ujerumani, na biashara yake ilikuwa kuingiza Marekani mipira ya kioo kutoka Lauscha, mji wa Thuringia ambako familia zilipuliza mapambo nyumbani kwao, moja moja, kwa pumzi ya mtu. Vita vya Pili vya Dunia vikawa vinanukia. Akaona mzigo utakatika, na yeye na maduka ya Woolworth wakawaendea watu wa Corning, wenye viwanda vya kioo huko New York.

Kwa nini Corning? Kwa sababu walikuwa na mashine ya kutengeneza balbu za taa. Ninaipenda sana mashine hiyo, mniwie radhi. Kioo kilichoyeyuka kinalazwa kama utepe juu ya mkanda wenye matundu, kinaning'inia kwenye kila tundu kama tone la asali, hewa inakipuliza kutoka juu huku kalibu mbili zikikifumbata kwa chini. Balbu na mpira wa Krismasi ni ndugu wa tumbo moja, ukitazama vizuri. Desemba 1939 shehena ya kwanza ya mipira 235,000 ikaenda Woolworth. Mwaka uliofuata mashine ilikuwa ikitema kama 300,000 kwa siku.

Lakini Corning walitoa kioo kitupu tu. Fedha ilitiwa ndani kwa maji ya nitrati ya fedha, na rangi ikapakwa nje, katika karakana za Eckardt kule New Jersey. Rangi hiyo imekaa juu ya kioo tu, haikuchomwa ikashikana nacho. Sasa unaelewa sponji yangu ilifanya nini. Tumia brashi kavu ya vipodozi, ile laini ya poda, upanguse vumbi polepole. Doa lisilotoka kwa brashi, liache. Na usiyahifadhi darini ambako kiangazi kunakuwa tanuri, wala chini ya nyumba kwenye unyevu. Kabati la chumbani linatosha.

Ukienda kununua, anza na kikofia. Marekani ilipoingia vitani, fedha na chuma vikawa na kazi nyingine. Mipira ikaachwa wazi, unaona upande wa pili, ikapewa mistari myembamba ya rangi hafifu, mara nyingine na uzi wa kumetameta umetumbukizwa ndani ili isionekane maskini sana. Kikofia cha chuma kikawa cha karatasi. Vita vilipoisha fedha ikarudi, na chuma kikarudi, mara nyingi kimegongwa jina Shiny Brite. Kwa maneno mengine, masalio niliyoyagawa ndiyo yaliyokuwa ya miaka michache ile ya vita. Kamera yangu ilikuwa ya miaka ya hamsini, ambayo imejaa kila mahali.

Boksi usiliamini sana. Lipo lile lenye picha ya Uncle Sam, yule mzee anayechorwa kuiwakilisha Marekani, akipeana mkono na Santa, watu hulipapia, lakini familia zimekuwa zikichanganya yaliyomo kila Januari kwa miaka zaidi ya sitini. Boksi langu moja lilikuwa na mipira ya watu watatu tofauti. Halafu kuna mipya: plastiki iliimaliza biashara ya awali miaka ya sitini, ila baadaye mbunifu wa mapambo Christopher Radko akalifufua jina, na mipira hiyo mipya inauzwa kwa sura ileile ya zamani. Si bandia, ila usiilipie bei ya ukongwe.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa jirani na boksi la peremende, nikitaka kubadilishana. Mama wa yule mtoto akacheka. Mitatu ilishavunjika siku ileile. Wa nne mtoto alikuwa ameutundika kwenye kioo cha ndani cha gari la baba yake, kwa kamba ya kiatu, na jua lilikuwa linapita katikati yake moja kwa moja. Nikamwachia peremende nikarudi zangu nyumbani.