Nimetunza jibu la matriksi, mbona R inapiga hesabu upya?

SWALI: Habari kaka, mi nasoma takwimu chuo, tumepewa zoezi la R (ile lugha ya kompyuta ya takwimu), uandike fankisheni ya kutafuta kinyume (inverse) cha matriksi kwa solve, fankisheni ya R yenyewe, halafu itunze jibu ili ukiita tena isihangaike. Nimeandika, erro hamna, ila kila nikiita inapiga hesabu mwanzo mwisho, nikichungulia ile k ya kutunzia naikuta NULL tu, yaani tupu. Shida nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama mdogo wangu. Kodi (code) yako sijaiona ila nahisi ni mshale tu huo. Ndani ya fankisheni ukiandika k <- jibu, R inatengeneza k nyingine ya humohumo ndani, fankisheni ikimaliza nayo inapotea, ile k ya nje haijaguswa kabisa. Tumia mshale wa vichwa viwili, <<-, huo unatoka nje kuitafuta k iliyopo na kuibadilisha hiyohiyo.

Ikikubali usishangilie kwanza, maana kuna tego lingine na hili ndo baya zaidi, halitoi erro. Ukibadilisha matriksi, jibu la zamani bado lipo na utapewa hilohilo bila onyo lolote, kwahiyo pale unapoweka matriksi mpya hakikisha mstari unaofuata ni k <<- NULL. Jipime na kitu kidogo: matriksi ya 2 kwa 2, kwenye mshazari weka 2 na 4, kwingine sifuri. Kinyume chake kwenye mshazari kitakuwa 0.5 na 0.25. Sasa 4 ifanye 5 uite tena, ikija 0.25 badala ya 0.2 ujue umepewa kiporo.

Halafu kwa vimatriksi vya saizi hiyo kutunza ni mazoezi tu, faida unaiona zikiwa kubwa, coz kazi ya solve inakua kwa kipeo cha 3, ukubwa mara 2 kazi mara 8. Ila na RAM nayo inaliwa, ya 5,000 kwa 5,000 peke yake ni kama megabaiti 200.

Na ukitoka kwenye zoezi la mwalimu, mara nyingi hicho kinyume wala hukihitaji. Kama unatafuta x kwenye Ax = b andika solve(A, b) basi, na kama A ni ileile ila b ndo zinabadilika kila saa, tunza qr(A), yaani A iliyokwisha gawanywa vipande vya kurahisisha hesabu, halafu kila b ipitishe kwenye qr.coef ikupe x.