Hajawahi kuvuta sigara ila ana COPD, inawezekana? Ndiyo, na mimi ni mmoja wao

Mkuu umeuliza inakuwaje mzee wako kaambiwa ana COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu, wakati sigara hajawahi kuigusa, na ndugu wameanza kunong'ona eti alikuwa anavuta kwa siri. Waambie waache hizo. Mimi ninao huo ugonjwa na sigara sijawahi kuiweka mdomoni, kwa hiyo naandika kama mgonjwa, daktari sio mimi.

Sigara ndo namba moja, hilo halina ubishi, na anayekaa na mvutaji naye anaumia. Shisha nayo isiwadanganye kwa harufu nzuri. Ila cheki takwimu za WHO, nchi tajiri sigara inabeba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa, ukija nchi za kipato cha chini na cha kati inabeba kama 30 hadi 40 tu. Sasa hao wengine wameutoa wapi?

Mimi nilipofikishwa kwa daktari wa mapafu aliniuliza nyumba niliyokulia walikuwa wanapikia nini, nimefanya kazi gani, na kama niliwahi kuugua TB. Zote tatu nilikuwa nazo aisee. Nimekulia kwenye moshi wa kuni, jiko liko ndani na hakuna pa kutokea moshi, na ule moshi una chembe ndogo sana ambazo pua haizizuii, zinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu, ndo maana akina mama waliopika hivyo miaka na miaka wanaupata sana huu ugonjwa na watu wanadhani ni uzee.

TB nilitibiwa nikapona, dozi nilimaliza. Lakini kupona TB ni vijidudu kufa, makovu yanabaki, na njia za hewa zinaweza kubaki zimeharibika moja kwa moja. Hii kitu watu hawaambiwi kabisa wanapomaliza dawa, na inanikera.

Halafu kazi. Nilikuwa nakata mawe na vigae kwa grinda, kavukavu, nimejifunga kitambaa usoni. Kitambaa kile hakizuii kitu, vumbi la silika linaloua ni lile usiloliona kwa macho. Ukimwagia maji kwenye diski wakati unakata vumbi linapungua sana, na barakoa iwe ile ya kuchuja chembe inayobana vizuri usoni. Wachomeleaji, wachimba migodi, wa viwanda vya pamba, saruji, wasaga nafaka, wote wako kwenye hatari hiyohiyo, na mtu akivuta sigara juu yake ndo anajimaliza.

Kuna ya utotoni pia. Mapafu yanaendelea kukua mpaka miaka ya 20 na kitu hivi, baada ya hapo yanashuka taratibu kwa kila mtu. Sasa aliyezaliwa njiti, au aliyepigwa na nimonia kali akiwa mdogo, au mama yake alivuta sigara akiwa mjamzito, anaweza kuanza utu uzima na akiba ndogo, kwa hiyo inamwishia mapema. Pumu isiyotibiwa vizuri nayo imo. Kurithi kupo, kuna upungufu wa alfa-1 antitripsini, yaani protini ya mwilini inayolinda mapafu, ni adimu ila kama mtu ni kijana na mapafu yameshachoka aulizie kipimo chake, ni cha damu tu.

Na eksirei isikutulize, yangu waliisoma wakasema iko sawa nikaendelea kupewa dawa za kikohozi na antibayotiki. Kipimo chenyewe ni spirometria, unapuliza kwa nguvu kwenye mashine, wanaangalia hewa uliyotoa sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya yote uliyotoa, ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua njia za hewa basi njia zimebana na hazifunguki vizuri.

Kilichoharibika hakirudi, ila ukimtoa kwenye moshi na vumbi kasi ya kushuka inapungua, hata akiwa na umri mkubwa. Muulizieni na chanjo ya mafua na ya nimonia. Halafu mkuu hujasema, mzee alikuwa anafanya kazi gani enzi zake, na hapo nyumbani mpaka leo mnapikia nini?