Nina mabaka kifuani, niache mandazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi kijana wa miaka 19 niko Tanga, nina mabaka kifuani na mgongoni, rangi yake imefifia na yanawasha nikitoka jasho. Duka la dawa walinipa vidonge vya griseofulvin nimemaliza dozi hamna kitu, sasa jirani anasema ni fangasi wa hamira eti niache mandazi na mikate. Tena nalala na mdogo wangu, naogopa kumwambukiza.

JIBU: Marahaba kijana. Mandazi we kula tu, hamira ya jikoni haihusiki kabisa. Unavyoeleza inafanana sana na ule mba wa mwilini, unaletwa na fangasi anaitwa Malassezia, ni jamii ya hamira kweli lakini makazi yake ni ngozi ya binadamu, yako, yangu na ya karibu kila mtu mzima, na siku nyingi hana neno na mtu. Ndo maana mdogo wako usimhofie, anao wa kwake tayari.

Huyu chakula chake mafuta. Umri wako ngozi inatoa mafuta kwelikweli, hasa kifua, mgongo na shingo, ukijumlisha joto la Tanga na jezi ya nailoni iliyoloa jasho basi anazaliana, anaota nyuzi na kuanza fujo, na kemikali anazotoa zinabana ngozi isitengeneze rangi yake. Kama unajipaka mafuta ya nazi kifuani acha kwanza, unamlisha.

Griseofulvin kugoma wala sishangai, ile ni ya mapunye na mashilingi, huyu haimgusi. Ulizia shampuu ya seleniamu salfaidi 2.5%, paka sehemu zote zenye mabaka na pembeni yake, acha dakika 10 ndo usuuze, kila siku kwa siku 7, ila usipake penye kidonda. Wakikupa vidonge vya ketokonazoli kataa, vinaweza kuumiza ini na haya ni mambo ya ngozi tu.

Rangi itachukua miezi kurudi, usije ukadhani dawa imefeli. Vuta ngozi ya baka ukwangue taratibu kwa kucha, kama hamna unga unaotoka, fangasi kashakufa, subiri rangi tu. Na joto likirudi anaweza kurudi, ndo tabia yake.

Ila baka likiwa na ganzi, ukiligusa husikii, hapo shampuu weka pembeni uende hospitali wakucheki ukoma, unatibika na dawa zake ni bure.