Ukipewa Maiki, Usibanie

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Tabora. Ameandika kitabu cha ufugaji wa nyuki, redio imemwalika kwenye kipindi cha asubuhi, na hofu imemjaa. "Shikamoo Dokta. Niseme kiasi gani ili watu wabaki na hamu ya kununua kitabu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu pembeni, ila swali hilo naulizwa na waandishi wengi na wataalamu wenzangu, hivyo leo nalijibu mbele ya wote: sema kila unachoweza kusema ndani ya muda wako.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kitabu changu ni cha kuku wa kienyeji. Kilipotoka nilialikwa kwenye kongamano moja hapa Dar es Salaam, nikaahidiwa dakika ishirini. Mgeni rasmi akachelewa. Salamu zikawa ndefu, kila anayesimama anataja viongozi wote kwa vyeo vyao, halafu ndiyo anasema "itifaki imezingatiwa". Zamu yangu ilipofika MC akaninong'oneza huku maiki iko wazi, ukumbi mzima ukasikia: "Dokta, dakika tatu tu, mambo ya kuku watu wanayajua." Wakacheka.

Kicheko kile kinaniuma hadi leo. Mama yangu alinisomesha kwa mayai, trei kwa trei. Kuku kwetu walikuwa ada, sare na nauli.

Nikaweka karatasi zangu kando, nikauliza: nani amewahi kuamka akakuta karibu banda zima limekufa? Mikono ikanyooshwa, hata meza za mbele. Nikawaambia kwamba mara nyingi huo ni ugonjwa wa mdondo, wengine mnauita kideri. Ukishaingia hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Ipo ya aina ya I-2, inavumilia joto kuliko nyingine, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wanaitengeneza hapahapa nchini. Tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Nikawaonyesha kwa mikono: kuku amelazwa ubavu, jicho linatazama juu, tone linaanguka, unasubiri apepese ndipo unamwachia. Dakika zangu zikaisha hapo.

Kitabu sikukitaja kabisa. Lakini tulipotoka watu walinizunguka mlangoni, na nakala nilizobeba zikaisha kabla sijafika kwenye gari. Kati yao alikuwepo mtayarishaji wa vipindi vya redio. Ndiye aliyenifungulia mlango wa studio, na tangu hapo sijakaa mwezi bila kualikwa mahali.

Kwa hiyo ninapomsikia mwandishi hewani akijibu kila swali kwa "hayo yote mtayakuta kitabuni", naumia kwa niaba yake. Msikilizaji yuko ndani ya daladala au anakanda unga wa maandazi. Hana sababu ya kukuamini bado. Mpe jambo moja atakalolifanya leo akifika nyumbani, mpe lote, na hatua zake. Likimsaidia, atakutafuta. Ukimnyima, atahamia stesheni nyingine.

Na studio ina mambo yake. Mtangazaji mara nyingi hajasoma kitabu chako. Usinung'unike, mtumie mapema ukurasa mmoja wenye maswali matano au sita ambayo wasikilizaji wako hukuuliza kila siku. Atashukuru, na wewe utakuwa unacheza uwanja wa nyumbani. Vua bangili, maana kila zikigonga meza maiki inazidaka. Karatasi zibaki kwenye mkoba. Jenga picha kichwani ya mtu mmoja unayemfahamu, mimi humuwaza shangazi yangu wa Kondoa, kisha ongea naye yeye. Akipiga msikilizaji na mtandao unakatakata, rudia swali lake kwa sauti yako kabla ya kujibu, ili wengine nao walipate.

Wataalamu, acheni kujificha nyuma ya istilahi. Mfugaji wa Singida akikuelewa, profesa naye atakuelewa. Kinyume chake hakipo. Tunalalamika kwamba redio zimejaa udaku na mpira, na tukiitwa tunaenda kusoma hotuba! Hilo halikubaliki.

Kuna kituo kimoja kiliwahi kunitaka nilipie "mahojiano". Nilikataa, na nawashauri mkatae. Ukilipa hilo ni tangazo la biashara, na msikilizaji ana haki ya kuambiwa hivyo. Afadhali redio ndogo ya jamii inayokuita kwa sababu wasikilizaji wake wanafuga.

Suala la mauzo lina utaratibu wake. Kabla ya kipindi mimi hutuma nakala kwa basi hadi kwa wakala wa mikoa ambayo redio hiyo inasikika, kwa sababu mtu akiguswa asubuhi anataka kitabu siku hiyo hiyo. Mtangazaji akikuuliza kinapatikana wapi, taja duka, mtaa, bei na namba ya simu, polepole, mara mbili. Halafu siku hiyo usizime simu. Pokea hata namba usizozijua, na anayeuliza kuhusu nyuki wake mjibu kwanza nyuki, kitabu baadaye.