Kukosoa shoti ya mwenzako bila kuua mradi

Mkuu mleta uzi, umesema mko sita, mnatengeneza katuni ya dakika mbili kwa Blender, ile programu ya kuchora na kuchezesha katuni kwenye kompyuta, wote wa kujitolea, na yule wa shoti (kipande kimoja cha filamu) ya pikipiki amenyamaza wiki mbili tangu "mlipomwambia ukweli". Unauliza maoni yatolewe vipi kikundi kisisambaratike. Nimepita hapo hapo, tena nikiwa upande wa wasema kweli.

Sisi tulikuwa watano: wawili Dar, wawili Mombasa, dada mmoja Tanga. Hadithi ya bibi muuza vitumbua na kunguru mwizi. Mimi nilitengeneza rigi ya bibi, yaani mifupa na vishikizo vya kumchezesha. Dada wa Tanga akachukua shoti ya bibi kuinua karai jikoni. Siku ya siku akaituma kwenye grupu ikiwa renda kamili, yaani kompyuta imeshachora picha zote za mwisho, ina taa, ina vivuli, ina moshi. Nikakesha nikimwandikia pointi 31. Nilijiona mtu wa maana kweli. Akajibu, "Sawa kaka, asante." Ndiyo ikawa kimya.

Hebu piga hesabu ambayo mimi sikuipiga usiku ule. Shoti ya sekunde 10 kwa kasi ya fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde ni fremu 240. Laptop yake ilikuwa inachukua kama dakika tatu kwa fremu moja. Hizo ni saa 12 mashine inaunguruma, kwa umeme wa LUKU aliyonunua yeye. Halafu mimi naibuka na habari ya jinsi bibi alivyosimama fremu ya 40! Mkao wa bibi ulitakiwa kusemwa wiki tatu nyuma, wakati bado anaruka kutoka pozi moja hadi jingine kama picha za mnato, pale ambapo kubadilisha pozi ni kazi ya dakika tano na hakuna aliyeipenda kazi yake kiasi cha kuumia.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, muulize mwenzako shoti iko hatua gani na anataka jicho liangalie nini. Ikiwa ni pozi tu, ongelea pozi, kamera, na kama kisa kinaeleweka. Usimwambie mwendo unakatikakatika, ndivyo unavyotakiwa uwe kwa wakati huo. Akishalainisha mwendo, hapo ndipo pa kusema miguu inateleza sakafuni au mkono unapita njia ya ajabu. Ikishakuwa renda, sema yale tu ambayo hata shangazi yako asiyejua animesheni ni nini angeyaona, mfano vidole kuzama ndani ya karai. Mengine meza, yatafaa kwenye filamu ijayo.

Sasa namna ya kusema. Ile shoti, kila mtu kwenye grupu aliandika "haina uzito". Mmoja akamwaga na majina ya zile kanuni 12 za animesheni walizoandika Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, mwaka 1981, kama daktari anayekusomea ugonjwa kwa Kilatini. Ni kanuni nzuri, nazitumia kila siku, lakini mtu aliyekaa na shoti siku nyingi anahitaji kujua atie mkono wapi. Mwandikie hivi: "Fremu ya 118 mikono imeshaanza kupanda lakini kiuno na magoti havijasogea, kwa hiyo karai nikaliona kama la karatasi." Umetaja fremu, umetaja ulichokiona, umetaja kilivyokugusa wewe mtazamaji. Dawa mwachie yeye. Huenda akashusha kiuno fremu nne kabla ya mikono, huenda akamfanya bibi ajaribu mara moja ashindwe, avute pumzi, ndipo ainue, na hilo la pili likawa zuri kuliko chochote ambacho ungemwamuru.

Namba za fremu zisiwasumbue. Kwenye mipangilio ya Output ya Blender, chini ya Metadata, kuna sehemu ya kuandikisha namba juu ya picha yenyewe. Mtazamaji akiwa na VLC, programu ya kuchezea video, herufi E inasogeza fremu moja moja. Na jamani, mkitumiana WhatsApp tumeni kama dokumenti, siyo kama video ya kawaida. Ikibanwa inakuja na ukungu, halafu mtu anakosoa ukungu.

Kuna kitu kinachonikera kuliko vyote: mtu kufungua faili la mwenzake na "kumrekebishia" bila kuombwa. Hata kama kweli imependeza, umemwambia kazi yake si yake tena, na kesho ataleta nusu nusu akijua utamalizia.

Pia chagueni mdomo mmoja. Kwetu mmoja alisema kunguru anaruka taratibu mno, mwingine akasema kasi mno, na kijana wa watu akabadilisha mara tatu ndani ya siku mbili. Baadaye ikaja kujulikana kwamba mmoja alikuwa anaitazama kwenye mradi uliowekwa fremu 30 kwa sekunde, na zile fremu 240 zikawa zinaisha kwa sekunde nane badala ya kumi. Hakuna aliyekuwa na kosa kwenye shoti! Siku hizi maoni yote yanakwenda kwa mwongozaji kwanza, anachuja yanayogongana, kisha anampa mhusika mambo matatu au manne. Mengi zaidi ya hapo mtu hayabebi, hasa anayefanya kazi hii saa nne usiku akitoka kibaruani.

Turudi kwa dada wa Tanga. Alipotoweka, shoti ikaniangukia mimi. Nikafungua faili lake, nikashika mkono wa bibi, nikauinua. Kiwiko kikabonyea kama mrija wa soda uliokunjwa. Nikajaribu pembe nyingine, kikabonyea vilevile. Kati ya zile pointi zangu 31, tisa zilikuwa za kiwiko kile. Ngozi ya pale ilikuwa inafuata mifupa miwili kwa kiasi kisicho sawa, na aliyeigawa ngozi ile ni mimi, mwenye rigi. Yeye alikuwa amejitahidi kukificha, ndiyo maana mikono ya bibi ilikaa kiajabu na ndiyo maana kamera ilikuwa upande ule niliomlaumu nao kwa pointi mbili nyingine. Kwenye kazi ya kikundi, unachokiona kwenye shoti kimepita mikono minne mitano. Kabla hujamwandikia mchezeshaji, fungua rigi, fungua storibodi (michoro ya kupanga shoti), ujue barua inamstahili nani.

Huyo wa pikipiki mpigie simu, usimwandikie. Muulize pikipiki yenyewe aliikuta katika hali gani alipokabidhiwa. Mimi nilikaa miezi minne ndipo nikapiga. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya kiwiko. Akacheka sana. Akasema kiwiko alikijua tangu siku ya kwanza, ila aliona haya kuniambia, kwa jinsi nilivyokuwa naisifia ile rigi kwenye grupu.