Shangazi, dawa imenilia sakafu!

Mwezi huu maswali ya usafi yamekuja mengi kuliko ya mapishi, na karibu yote yanazunguka palepale: mtu kanunua dawa nzuri kabisa, kaipaka mahali pasipo pake. Nimechagua machache, mengine nimeyaunganisha maana yanafanana.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tumehamia nyumba ya kupanga, ni ya zamani, sebuleni kuna terazo na bafuni kuna tailizi nyeupe. Dada wa kazi aliona dawa ya choo imetakatisha tailizi za bafuni vizuri sana, basi akaichukua akasugulia doa la chai pale sebuleni. Doa limetoka lakini pale pote pamefubaa, ukipitisha mkono panakwaruza kama msasa. Nimejaribu sabuni, Jik, hadi mafuta ya nazi, wapi! Naogopa mwenye nyumba atanidai. Nifanyeje?
*Mama wa mapacha, Upanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usimgombeze huyo binti, hakuna aliyemwambia, na lugha yetu yenyewe inatuchanganya hapa. Tailizi tunaziita marumaru, na lile jiwe linalochimbwa ardhini nalo ni marumaru, kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa. Tailizi ni udongo uliochomwa kwenye tanuru, na hizo zinazong'aa zimepakwa juu kitu kama kioo, kwa hiyo asidi inapita tu. Marumaru ya jiwe ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto la ardhi kwa muda mrefu sana, ni ukoo mmoja na ganda la yai na matumbawe ya baharini. Na terazo ni nini? Ni vipande vya hiyo marumaru vimechanganywa na saruji halafu vikasagwa kwa mashine mpaka vikalainika. Yaani chokaa juu ya chokaa.

Sasa dawa za choo nyingi zina asidi ya haidrokloriki, soma kwenye chupa utaikuta. Asidi ikigusa chokaa inaila. Ukitaka kuona kwa macho yako chukua ganda la yai, likamulie ndimu, angalia kwa karibu, utaona vitone vya hewa vinapanda kimoja kimoja. Ndicho kilichotokea sebuleni kwako, ila kwa asidi kali zaidi. Kwa hiyo pale usipaite doa tena, doa hutoka, pale jiwe lenyewe limeliwa na zimebaki tundu ndogondogo ambazo jicho halizioni lakini mkono unazisikia. Ndo maana sabuni na mafuta ya nazi havikusaidia.

Nakwambia kwa uchungu maana yalinikuta. Kwetu Tanga kila ikikaribia Idi tulikuwa tunasugua masinia ya shaba kwa ndimu na chumvi, yanang'aa mpaka unajiona uso. Mwaka mmoja nilikuwa msichana, jua kali nje, nikaona nifanyie ndani ukumbini, nikalaza sinia chini kwenye terazo ya mama, maji ya ndimu yakachuruzika ukingoni nikaenda kupika nikayasahau. Kesho yake tulikuta duara limejichora sakafuni sawasawa na mzunguko wa sinia. Mama hakusema neno, aliweka mkeka juu. Sinia lile lilitaka ndimu, sakafu ile ndimu ni adui yake, na vyote viwili vilikuwa chumba kimoja, umbali wa kidole.

Cha kufanya sasa: tafuta fundi wa terazo mwenye mashine ya kusaga, wanaanza na jiwe la chembe kubwa wanamalizia na laini kabisa halafu wanapiga wax. Kama ni kipande kidogo wanaweza kusaga hapo tu, ila mwambie aanzie mbali kidogo na kidonda ili mpaka usionekane. Na mwambie mwenye nyumba mapema, usingoje agundue mwenyewe. Kwa kudeki kila siku maji mengi na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo kwa ndoo vinatosha, halafu suuza na maji matupu maana sabuni ikibaki inakusanya vumbi na sakafu inakuwa na ukungu ukungu. Siki, ndimu, dawa ya choo, visikanyage hapo kabisa. Doa la chai au kahawa bandika uji mzito wa magadi soda, ile ya unga ya kuwekea maandazi, acha usiku kucha asubuhi futa.

Na wale mlioniuliza kuhusu kaunta za jikoni, fundi kasema ni graniti lakini hamna uhakika: dondosha tone la ndimu pembeni pasipoonekana, subiri dakika moja, futa. Likitoa povu au likiacha alama iliyofubaa ujue umeuziwa jamii ya marumaru, ihudumie kama terazo.

SWALI: Shangazi habari, choo chetu kilikuwa na madoa sugu nikamwaga dawa ya choo, halafu ili kuongeza nguvu nikamwaga na Jik juu yake. Nikapiga magoti nianze kusugua, kifua kikabana nikakohoa kama mtu aliyekabwa, macho yakawaka. Mume wangu anasema ni mzio tu. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hapana mwanangu, huo sio mzio, na mshukuru Mungu ulitoka. Naomba hili lisomwe kwa sauti nyumba nzima isikie.

Jik na asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Gesi hiyohiyo Wajerumani waliwafungulia askari wa upande wa Ufaransa kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, wakiwa kwenye mahandaki. Na ilichaguliwa kwa mahandaki kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inashuka chini inatulia. Sasa fikiria choo chako: kidogo, dirisha moja juu kabisa, na wewe umepiga magoti uso uko palepale gesi inapolala. Mtoto akiingia nyuma yako yeye ndo yuko chini zaidi. Kwa hiyo huongezi nguvu yoyote, unaiharibu Jik na unavuta sumu. Na siki au ndimu ni asidi pia, kwahiyo zile resipi za kwenye simu za Jik na siki achana nazo. Hata dawa za vioo zenye amonia usizikutanishe na Jik, zinatoa gesi nyingine ya kuumiza mapafu, na mkojo uliokaa una amonia hiyohiyo, ndo maana choo au sehemu anapokojoa mtoto unamwaga maji mengi kwanza kabla ya Jik.

Ikikutokea tena, acha kila kitu toka nje, usirudi kumwaga maji wala kuokoa brashi. Macho yasafishe na maji yanayotiririka kama robo saa hivi. Na kama kifua kinabana au pumzi inakuwa fupi nenda hospitali hata kama unajiona unapata nafuu, maana mapafu yanaweza kujaa maji masaa kadhaa baadaye. Mwenye pumu asisubiri kabisa.

Kuhusu madoa yenyewe, hayo ya njano na kahawia mara nyingi ni chumvi za maji na kutu, hapo dawa ya choo peke yake ndo kazi yake. Imwage, ngoja kama dakika 10, sugua, piga flashi mara mbili tatu. Jik iwe siku nyingine. Tena Jik kwenye kutu inazidisha, doa linakolea, wengi mmeniandikia hilo mkidhani mmeuziwa feki.

Na mpime Jik jamani, msimwage kwa macho. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji ni kwa ajili ya matapishi na choo cha mgonjwa, wale waliopitia kipindupindu wanakijua hicho kipimo. Kwa kupangusia vitasa, swichi na ukuta wa tailizi, kikombe 1 kwa 34 kinatosha. Osha na sabuni kwanza, maana uchafu unaimaliza Jik kabla haijafika kwa vijidudu, halafu iache dakika 10. Maji yawe ya baridi na uliyochanganya leo yatumike leo, na chupa usiiweke dirishani, jua linaiua.

SWALI: Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Koki zote na bomba la mvua zimeota magamba meupe, sabuni haitoi povu, na kwenye mistari kati ya tailizi pameingia weusi. Jirani anasema nitumie dawa ya choo.
*Baba wa Kigamboni*

JIBU: Kaka yangu jirani yako ana nusu ya ukweli. Hayo magamba ni chokaa tuliyoisema juu, imebaki maji yalipokauka, kwahiyo hapa asidi ndo rafiki, ila iwe ya upole. Loweka kitambaa kwenye siki, kifunge kwenye koki kama unafunga jeraha, acha nusu saa, sugua na mswaki wa zamani, suuza. Bomba la mvua lifungue kichwa ukilaze kwenye bakuli la siki. Dawa ya choo ni kali mno, inabandua kromu yote, na chini yake koki inaanza kuota kijani. Sinki la stenlesi nalo usilikalishie Jik usiku, linatoboka vidoa vidogo vidogo.

Ile mistari ni saruji, kwa hiyo asidi kila wiki itaimaliza na maji yataanza kupita chini ya tailizi. Tumia magadi soda na brashi, na weusi ukiwa ni kuvu weka Jik uliyoipunguza na maji, siku tofauti na siki. Halafu fungua dirisha, bafu lisilokauka litaota kuvu hata uoshe na nini.

SWALI: Tangu enzi za korona nimezoea kufuta kila kitu na sanitaiza. Sasa meza yangu ya mninga imetoka mabaka meupe na inanata. Tatizo ni nini? Na runinga je?
*Msomaji wa kike, Morogoro*

JIBU: Spiriti iliyomo inayeyusha vanishi. Meza ya mbao iliyopakwa vanishi inataka kitambaa kilichokamuliwa vizuri na kingine kikavu nyuma yake, basi. Mabaka hayo fundi seremala atapiga msasa laini na kurudishia vanishi. Runinga izime, ngoja ipoe, pangusa na kitambaa laini kikavu, ikikataa weka maji kidogo kwenye kitambaa, kwenye kioo usipulizie kitu.

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Baada ya biriani meza yetu ya plastiki nyeupe ilibaki na manjano, na kitambaa cha meza nilipokitia sabuni doa likageuka jekundu! Nimekiharibu?
*Bi harusi mpya, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, hongera ya nyumba. Hujakiharibu. Rangi ya manjano, kile kiungo cha biriani, ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu ya kutu, ukiikamulia ndimu inarudi njano mbele ya macho yako. Tatizo lake ni kwamba maji haiyajui, ila jua inaliogopa sana. Fua kitambaa, kianike kikiwa kibichi kwenye jua kali la mchana, rudia kesho, kitafifia mpaka kiondoke. Meza ipanguse na pamba yenye spiriti, mbali na jiko, halafu nayo itoe nje ipate jua.

Na wewe wa Pangani uliyechemshia magadi sufuria ikawa nyeusi, sababu ni ileile ya kutokujua kitu kimetengenezwa na nini, alumini haipatani na magadi. Chemsha maji ndani yake na vipande vya ndimu, itarudi. Kostiki soda ndo usijaribu kabisa, inaitafuna alumini mpaka inatokota.

SWALI: Bibi alitufundisha kutia mafuta ya taa kwenye maji ya kudeki, sakafu inang'aa na nzi hawaji. Mke wangu hataki. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Kilosa*

JIBU: Bibi namheshimu, alitumia alichokuwa nacho, lakini hapa nasimama na mkeo. Mng'ao huo ni utando wa mafuta tu, unateleza, unanasa vumbi, na kwenye nyumba yenye jiko la mkaa unatandaza kitu kinachoshika moto. Kama ni sakafu ya saruji ideki na maji ya sabuni, ikauke, halafu wax kidogo mara moja kwa mwezi, utaona mng'ao wa kweli.

Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni chupa. Mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda, sabuni ya maji ya kupimiwa iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, Jik ya kupunguza iko kwenye chupa ya juisi, zote chini ya sinki, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Leo hii zitoe. Weka juu, andika kwa maka penye chupa kilichomo, na mfuniko uupake rangi nyekundu kwa ajili ya asiyesoma. Na ikitokea mtoto kanywa, iwe mafuta ya taa, iwe Jik au dawa ya choo, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula, maana ikirudi juu inachoma koo mara ya pili na mafuta ya taa yanaingia kwenye mapafu. Mfute mdomo, mbebe akiwa amekaa wima, mkimbize hospitali, na hiyo chupa nenda nayo mkononi daktari aione.